Mlima wa mawe au lambo: kijiji cha Dodoma kianze kulinda wapi?

Chukua kijiji cha kawaida cha Bahi au Chemba, au hata cha jirani zetu wa Manyoni, mkoani Singida. Upande mmoja kuna mlima wa mawe: majabali yaliyobebana, vichaka vya miiba, mbuyu mmoja mmoja. Upande wa pili kuna lambo lililochimbwa kwa ajili ya ng'ombe, na karibu yake mbuga inayojaa maji mvua zikikolea na kupasuka kwa ukame ifikapo Agosti. Kwenye mawe wako kobe na mijusi, kwenye maji wako vyura, na wote wanapungua. Kamati ya maliasili ya kijiji ina watu wachache, nauli za kubahatisha, na nguvu ya kusimamia sehemu moja vizuri. Ipi?

Jibu langu nalitoa mapema kwa ajili ya mwenye haraka: mawe kwanza, na yalindwe kwa karatasi. Lambo lifuate, na lilindwe kwa taratibu za msimu. Anayekuja na wazo la kujenga banda la kuzalisha kobe, mwacheni asubiri. Lakini yako maeneo ya mkoa huuhuu ambako mpangilio huo unageuka, nitayafikia.

Nani anaishi wapi

Mwenyeji mkuu wa mawe ni kobe bapa, ambaye wanasayansi humwita Malacochersus tornieri. Ni mdogo, hafiki sentimita 20, na gamba lake ni jembamba linalobonyea kidogo ukiligusa. Kobe wengine wakitishwa huingiza kichwa na miguu wakatulia. Huyu hutimua mbio. Anaingia kwenye ufa wa jabali, anajikaza kwa miguu, na hapo kumtoa ni kazi. Duniani kote anaishi Kenya, Tanzania na kipande cha Zambia tu, na majabali ya kanda ya kati ni sehemu ya makao yake. Mwaka 2019 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, lilimweka kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka huohuo CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ulimpandisha hadi Kiambatisho cha Kwanza, yaani biashara ya kimataifa ya kobe wa aina hiyo kutoka porini ilifungwa.

Tatizo lake kubwa ni uzazi. Hutaga yai moja kwa mara moja. Yule kobe mkubwa wa madoadoa anayevuka barabara mvua zikianza anaweza kutaga kumi na zaidi kwa mkupuo. Kwa hiyo mtu akiondoka na kobe bapa kumi kutoka mlima mmoja, pengo hilo halizibwi na msimu mmoja mzuri wa mvua, wala miwili.

Na si kila mlima wa mawe unamfaa. Anataka ufa mwembamba unaozidi kubana kwa ndani, usiojaa maji, wenye majani ya kula karibu. Mlima unaoonekana mkubwa ukiwa barabarani unaweza kuwa na nyufa chache tu za namna hiyo. Tena si msafiri: shamba lililofyekwa likishazunguka mlima wake, anabaki kisiwani.

Kwenye mawe hayohayo kuna mjusi ambaye Dodoma imeingia kwenye jina lake la kisayansi, Agama dodomae, aliyeelezwa na Arthur Loveridge mwaka 1923. Dume ndiye yule mwenye kichwa cha rangi kali anayepiga "push-up" juu ya jiwe saa nne za asubuhi. Hayuko hatarini kama kobe, ila anategemea makao yaleyale. Chatu naye hupenda mapango ya mawe, na hilo litaleta maneno kwenye mkutano wa kijiji, kama tutakavyoona.

Kwa upande wa maji, vyura wa kwetu ni mafundi wa mvua fupi. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki vyura wengi huwa wamejizika ardhini au wamejibana kwenye magome na mashimo. Usiku wa mvua kubwa ya kwanza wanatoka wote kwa pamoja na kelele zake zinajulikana. Kuna yule anayeacha povu jeupe kwenye matawi juu ya maji, wa jamii ya Chiromantis. Watoto hudhani ni mate ya mdudu, kumbe ndani yake mna mayai, na viluwiluwi wakikomaa wanadondoka majini. Kuna yule mweusi wa mistari myekundu, Phrynomantis bifasciatus, ambaye ngozi yake ina sumu na ni vizuri watoto wasimchezee.

Hapa ndipo tofauti ya kwanza nzito ilipo. Vyura hawa wa mbugani wengi wametapakaa mashariki na kusini mwa Afrika, na hawako kwenye orodha za hatari. Wakitoweka kijijini kwenu ni hasara kwenu, lakini aina yenyewe itaendelea kuwepo kwingine. Kobe bapa hana kwingine kwingi.

Kipi kikiharibika kinarudi

Kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu kabla ya kuchagua, ningeuliza hili.

Lambo jipya likichimbwa leo, vyura watalikuta wenyewe. Msimu wa kwanza au wa pili utawasikia, bila mtu kuwaleta. Chura wa kawaida wa majumbani anataga maelfu ya mayai kwa mara moja; mwaka mbaya unafidiwa na mwaka mzuri, ilimradi yako madimbwi mengine karibu ya kutokea. Hata lambo lililojaa tope linaweza kufufuliwa.

Jiwe haliko hivyo. Majabali ya kanda hii yana umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Ufa anaoishi kobe umetengenezwa na jua, baridi na maji kwa muda ambao hakuna mradi utakaourudisha. Wakusanyaji haramu walizoea kuingiza jeki ya gari au mtaimbo kwenye ufa na kuupanua ili wamtoe kobe. Hata kobe huyo akikamatiwa stendi na kurudishwa, hana nyumba ya kurudia.

Halafu kuna kokoto. Tangu serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, ujenzi umepanda na mahitaji ya mawe, mchanga na kokoto yamepanda nao. Sitaki kuwasema vibaya wanaoponda kokoto. Wengi ni akina mama wanaolea kwa nyundo, na anayewaambia waache bila kuwaonyesha pa kwenda hajui anachosema. Ninachosema ni kwamba si kila jiwe lina thamani sawa kwa viumbe. Mawe yaliyolala chini, yasiyo na nyufa wala vichaka, yanaweza kupondwa bila hasara kubwa. Ule mlima wenye nyufa, pimbi na kivuli ndio usiguswe. Kijiji kikikaa na waponda kokoto na kutenga mapema eneo la kuponda na eneo la kuacha, kinashinda zaidi kuliko kikitoa katazo la jumla ambalo litavunjwa usiku.

Gharama, karatasi na ugomvi

Ukiangalia fedha taslimu, mlima ni rahisi kuliko lambo. Mlima hauhitaji katapila, saruji wala dizeli. Unahitaji vikao, ramani na rangi ya kuweka alama za mipaka. Lakini ukiangalia muda na subira, mlima ni mzito zaidi, kwa sababu kazi yake yote ni makubaliano.

Njia inayofaa zaidi vijijini ni kuutenga mlima na vichaka vyake kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Usishangae neno msitu: vichaka vya miiba na miti ya mawe vinatosha. Mlolongo unaanza halmashauri ya kijiji, unapita mkutano mkuu wa kijiji, unaingia kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, kisha sheria ndogo zinapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Ofisa misitu wa wilaya ndiye mtu wa kumzoea. Kumkamata kobe bila kibali tayari ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo sheria ndogo yenu haihitaji kurudia hilo. Ijikite kwenye yale yasiyosemwa na sheria kubwa: kupasua mawe, kuchoma moto, kufyeka pembezoni mwa mlima, kukata miti ya mkaa.

Angalizo moja ambalo vijiji vingi hulikuta vikiwa vimechelewa: mawe ya ujenzi ni madini kisheria, na leseni yake hutolewa na Tume ya Madini, si na mwenyekiti wa kijiji. Mtu anaweza kuja na leseni ndogo ya uchimbaji iliyotolewa kihalali kabisa juu ya mlima mnaouita wenu. Mlima ambao tayari umeandikwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi una sauti. Ambao haujaandikwa unabaki na malalamiko. Ndiyo maana nasema karatasi kwanza, doria baadaye.

Lambo lina ugomvi wa aina nyingine, na kwa maoni yangu ni mwepesi. Hakuna anayepinga maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa bwawa au mto, kwa hiyo msingi wa kisheria upo hata kabla hamjaandika chochote. Mvutano ni wa ratiba: nani ananywesha lini, wapi ng'ombe waingilie, nani analima bustani ya mchicha ukingoni.

Na nyoka? Kwenye mkutano wowote wa kulinda mawe, mzee mmoja atasimama na kuuliza kama sasa kamati inafuga nyoka. Ni swali la haki, nalo lijibiwe kwa heshima. Koboko, swila na kifutu wapo kanda hii na wanaua. Ila nyoka wanaokuja majumbani wanafuata panya wa ghalani na kuku, hawafuati mpaka wa hifadhi. Mlima ukivunjwa, waliokuwa ndani yake hawafi, wanahama, na pa karibu pa kuhamia ni kwenye nyumba zetu. Kwa vyura mjadala huu haupo, ingawa nyoka wa vyura hulifuata lambo vilevile. Hilo mara nyingi hakuna anayelitaja.

Faida ya kipato nayo ipimwe. Mlima uliotengwa unaweza kubeba mizinga ya nyuki, na asali ya Singida na Manyoni ina soko lake. Mizinga pia huwapa watu sababu ya kuzima moto. Kwa lambo faida ni maji yenyewe.

Lambo linaloongezewa vyura kwa gharama ndogo

Kwa sababu lambo linasamehe makosa, halihitaji hifadhi. Linahitaji adabu. Kubwa kuliko yote ni samaki. Watu wakiona maji yamekaa wanamwaga vifaranga vya sato au kambare, na msimu unaofuata viluwiluwi hawaonekani, wameliwa. Dimbwi linalokauka kila mwaka ni zuri kwa vyura kwa sababu hiyohiyo: ukame unaua samaki, vyura wamo ardhini wanangoja. Kwa hiyo mkitaka samaki, wawekeni kwenye lambo kubwa, na pembeni acheni dimbwi la kina kifupi ambalo hakuna atakayelipandikizia kitu. Sioni mpango mwingine wa vyura ulio rahisi kuliko huo.

Linalofuata ni njia ya ng'ombe. Maji yakivutwa hadi kwenye birika nje ya lambo, na lambo likazungushiwa miiba au minyaa ukiacha mlango mmoja, ukingo unabaki na nyasi ambamo vyura wachanga hujificha. Mkiondoa tope kwa katapila, chimbeni nusu mwaka huu na nusu mwaka ujao, kwa kuwa wengine wamejizika ndani ya tope hilohilo. Upande mmoja uachwe na mteremko wa taratibu. Lambo lenye kuta wima ni mtego hata kwa kobe anayekuja kunywa.

Dawa ndiyo inanitia wasiwasi zaidi. Maji ya josho yakimwagwa kuelekea lambo yanaua viluwiluwi na wadudu wanaowalisha vyura. Kwenye mashamba ya zabibu, dawa za ukungu zenye shaba zikisombwa na mvua hufikia madimbwi wakati uleule wa kutaga. Kuosha bomba la kupulizia lambo likiwa hatua kumi ni uzembe, hakuna jina jingine.

Vipi kuhusu kuwazalisha?

Kila mara mjadala huu ukianza, hutokea mtu wa kusema tujenge banda, tuzalishe, tuachie porini. Mfano unaotajwa ni chura wa Kihansi, kwa hiyo tuutazame vizuri.

Chura huyo mdogo wa njano, Nectophrynoides asperginis, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, akiishi ndani ya rasharasha ya maporomoko kwenye eneo la hekta chache tu. Hatagi mayai majini. Huzaa watoto kamili. Bwawa la umeme likajengwa juu yake, maji mengi yakapelekwa kwenye mitambo, rasharasha ikakatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 walisafirishwa hadi Bronx Zoo, New York, nchini Marekani. Nyuma yao mabomba ya kunyunyizia maji yalifungwa korongoni, lakini mwaka 2003 idadi iliporomoka ghafla, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi uligunduliwa. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Kizazi cha waliosafirishwa kilirudishwa nchini kuanzia 2010, kikalelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Kihansi kwenyewe, na 2012 kikaanza kuachiwa korongoni.

Ni kazi ya kujivunia. Lakini hesabu yake isomwe yote: bustani za wanyama za nje, chuo kikuu, fedha za kimataifa, zaidi ya muongo, na mabomba yanayopaswa kunyunyiza bila kukoma. Tena ilifanyika kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Kijiji chenye kobe wake bado kwenye mawe kina njia nyingine, nayo ni kuyaacha mawe. Banda la kobe kijijini lina hatari zake: magonjwa ya njia ya hewa yanayosambaa wakibanana, kuchanganya kobe wa milima mbalimbali, na mlango wa kupitishia kobe wa porini wakiitwa wa kufugwa, ujanja ambao biashara ya wanyama hai imeutumia kwa miaka mingi. 

Mahali ambapo jibu linageuka

Kwanza, upande wa mashariki. Ukitoka Kongwa na Mpwapwa kuelekea milima ya Rubeho na Ukaguru unaingia nchi nyingine kabisa, milima ya Tao la Mashariki yenye misitu ya ukungu. Huko vyura ndio walio hatarini kuliko kobe. Msitu wa Mamiwa-Kisara, Ukaguru, ndiko alikotoka Churamiti maridadi, aliyeelezwa mwaka 2002, na kutoka Ukaguru hiyohiyo mwaka 2023 akaelezwa Hyperolius ukaguruensis, chura asiyelia kama vyura wengine. Mwenye kijiji cha mlimani aachane na mpangilio wangu wa mawe: msitu na chemchemi kwanza, wala asifikirie malambo.

Pili, jijini. Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji Aprili 2018, maeneo mengi ya pembezoni yalikuwa tayari ni mitaa. Mtaa hauna ardhi ya kijiji, hivyo msitu wa hifadhi wa kijiji hauwezekani. Huko mlima wa mawe unaokolewa kwa kuandikwa eneo la wazi au la hifadhi kwenye ramani ya mipango miji kabla viwanja havijapimwa. Kama upimaji umeshapita, ni afadhali nguvu iende kwenye dimbwi la bonde ambalo halijajengwa, au kwa mwenye kiwanja mmojammoja aliye tayari kuacha jabali lake uani.

Tatu, mlima ambao tayari umepasuliwa nusu. Msitumie miaka ya vikao juu ya nyufa zilizokwisha. Angalieni mlima wa jirani, na kwenu shughulikieni lambo.

Kujua kama kazi inaleta matokeo

Hapa lambo linashinda bila ubishi. Vyura wanahesabiwa kwa masikio. Usiku wa mvua, mwanafunzi mwenye simu anarekodi sauti kwenye lambo, na baada ya misimu miwili mitatu kijiji kinajua aina ngapi zinaimba na ipi imenyamaza. Klabu ya mazingira ya shule inaweza kuibeba kazi hiyo yote. Viatu vioshwe na kukaushwa kabla ya kwenda lambo jingine, kwa ajili ya ule ugonjwa wa ukungu.

Kobe hasikiki, na kumtafuta vibaya ni kumsumbua. Anamulikwa kwa tochi au kioo ufani, anahesabiwa, anaachwa. Asivutwe kwa fimbo. Mabadiliko ya idadi yake yatachukua miaka mingi kuonekana, kwa hiyo kinachohesabiwa kila mwaka kiwe ni mawe: nyufa ngapi ziko salama, ngapi zimepanuliwa, moto ulifika wapi.

Na picha zake zisiwekwe kwenye kundi la WhatsApp zikiwa na jina la mlima. Lambo liwekewe kibao kikubwa chenye picha za vyura, watoto wasome. Kibao cha mlimani kiandikwe "Msitu wa Hifadhi wa Kijiji, marufuku kupasua mawe na kuchoma moto", na kobe asitajwe hata kidogo. Mkiona jeki au mitaimbo karibu na mlima bila gari lililoharibika, simu ipigwe kwa askari wa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya karibu ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, kabla ya kumsogelea mtu yeyote.